Maji Mapya ya Bomba na Samaki wa Baba Mkwe

Dobi wa mtaa huu anaitwa Bwana Pasi. Jina lake la nyumbani wateja hawalijui, wala hawana haja nalo. Wanajua kwamba ukimpelekea shati lenye doa la wino, atakurudishia shati jeupe pe, kola imesimama. Bwana Pasi na uchafu ni maji na mafuta. Akiona kikombe kichafu kwenye nyumba ya watu, mikono inamwasha.

Chumba chake cha mbele ndilo duka. Kuna meza ya kupigia pasi, kamba za kutundikia nguo na rafu ya mafurushi. Uani kuna mabeseni, bomba la maji na pipa kubwa la akiba. Kila asubuhi mkewe hufungua mlango, yeye huwasha pasi, na kazi inaanza.

Mwaka huu chumba cha mbele kilipata kitu kipya: tangi la kioo lenye samaki wa rangi. Lilikuja pamoja na baba mkwe.

Mzee alikuwa akiishi peke yake tangu alipofiwa na mkewe. Siku moja akateleza bafuni, akaanguka. Alilala sakafuni nusu ya siku kabla jirani hajamsikia. Binti yake aliposikia habari hiyo hakutaka maneno mengi. Alikwenda kumchukua.

"Nitakuja," mzee alisema, "ila samaki wangu nao waje."

Wakaja. Basi mzee akawa anakaa kwenye kiti karibu na tangi, akiwatazama samaki wakipita huku na huku. Aliyependwa zaidi alikuwa samaki mmoja mkubwa, wa rangi ya chungwa, mwenye mkia mpana. Marehemu mkewe ndiye aliyemnunua. Mzee alimwita Bi Mkubwa.

Bwana Pasi alimpenda baba mkwe wake. Tatizo ni kwamba mzee alikuwa mpole mno. Hakuomba kitu. Hakulalamika. Akitaka maji ya kunywa, alianza na "kama si usumbufu."

"Mke wangu," Bwana Pasi alisema, "baba yako anakaa humu kama abiria anayesubiri gari. Nifanye nini ajisikie yuko nyumbani?"

"Mpe muda," mkewe alijibu.

Lakini Bwana Pasi si mtu wa kukaa bure. Aliamua kumwonyesha mzee mapenzi kwa kazi anayoijua, nayo ni kuosha.

Kila Ijumaa jioni, baada ya kufunga duka, aliwatoa samaki na kuwatia kwenye bakuli. Alimwaga maji yote ya tangi. Alisugua kioo kwa sabuni. Mawe ya chini aliyaloweka kwenye dawa ileile ya kung'arishia mashati. Sifongo ya kuchujia maji aliikamua mpaka ikawa nyeupe. Halafu alifungua bomba, akajaza tangi maji mapya, akawarudisha samaki. Tangi lilimeremeta. Wateja walilisifu.

Wiki ya kwanza alikufa samaki mmoja. Bwana Pasi akasema alichoshwa na safari. Wiki iliyofuata wakafa wengine. Hapo akaona jibu wazi: uchafu bado upo. Akaongeza dawa, akasugua kwa nguvu zaidi. Wakaendelea kufa, mpaka akabaki Bi Mkubwa peke yake.

Mzee hakusema neno kuhusu samaki. Ila Alhamisi moja, wakiwa wanakula, aliweka kijiko chini.

"Wanangu, mmenitunza sana. Nafikiri sasa nirudi kwangu. Nisizidi kuwasumbua."

Mkewe Bwana Pasi aliingia jikoni, akalia. Bwana Pasi naye akaisukuma sahani pembeni. Mzee akirudi kule peke yake, nani atamwinua akianguka tena? "Samaki ndio wanamkimbiza," aliwaza. "Bi Mkubwa akifa, mzee hatalala hapa hata usiku mmoja." Kesho yake jioni aliliosha tangi kuliko siku zote.

Jumamosi asubuhi alimkuta Bi Mkubwa yuko juu kabisa ya maji. Mdomo wazi. Mashavu yanapiga haraka haraka. Mapezi yamejikunja. Mzee alikuwa ameshakaa kwenye kiti chake, mikono magotini.

Bwana Pasi aliinama, akamtazama samaki kwa karibu. "Maji yamechafuka tena!" alisema. Akachukua ndoo, akakimbilia bombani, akarudi nayo imejaa. Alipoinyanyua tu kuimimina, sauti ikatoka mlangoni.

"Kaka Pasi, subiri! Iweke chini hiyo ndoo."

Alikuwa jirani yao, Dada Mtambo. Watu walimpa jina hilo kwa sababu anafanya kazi kwenye mtambo wa kusafisha maji ya mji. Kazi yake ni kuyapima. Alikuwa amekuja kuchukua koti lake jeupe la kazini.

"Dada, samaki anakufa! Nambadilishia maji."

"Maji ya wapi?"

"Ya bomba. Mapya kabisa, ndiyo kwanza nimeyakinga."

"Hayohayo ndiyo yanayomuua. Una maji yaliyolala?"

"Yako pipani, ya akiba, maji ya bomba yakikatika. Lakini yana siku nyingi! Nimpe mgonjwa maji ya kale?"

"Yana sabuni?"

"Sabuni kwenye pipa langu la akiba? Dada, usinitukane."

Dada Mtambo alikwenda uani. Pipa lilikuwa limefunikwa kwa wavu tu, kuzuia mbu. Alinusa maji, akatia mkono kupima joto lake. "Haya yanafaa," alisema. Wakasuuza beseni jipya lisilowahi kutiwa sabuni, wakalijaza maji ya pipani. Bwana Pasi akamhamisha Bi Mkubwa taratibu. Mkewe akatumbukiza humo kimpira cha tangi cha kupulizia hewa.

"Sasa tungoje," alisema Dada Mtambo. "Siwezi kuahidi kwamba atapona."

Wote wanne wakalizunguka beseni. Pasi ilipoa mezani bila mtu kuikumbuka.

"Nieleze, dada," Bwana Pasi alisema kwa sauti ya chini. "Maji ya bomba mimi nayanywa. Yatamuuaje samaki?"

"Maji ya bomba tunayatia dawa inaitwa klorini. Inaua vijidudu vya kuharisha na magonjwa mengine. Kiasi tunachotia hakimdhuru mtu. Wewe ukiyanywa, yanakwenda tumboni. Lakini samaki anapumulia majini. Mtazame hapa, chini ya kifuniko cha shavu. Hivi vyekundu ni matamvua. Ndiyo mapafu yake. Klorini inayachoma."

"Mungu wangu! Na mimi nilimjazia mpaka juu."

"Zaidi ya hapo, wiki hii bomba kubwa lilipasuka. Likishatengenezwa, huwa tunaongeza dawa kwa muda."

"Kwa hiyo nitumie maji gani?"

"Yakinge kwenye ndoo iliyo wazi, uyaache siku moja au mbili. Klorini inatoka yenyewe na kwenda hewani. Lakini miji mingine hutia dawa ya aina nyingine, isiyotoka hata maji yakikaa. Huko lazima utie matone ya kuondoa dawa, yanauzwa na wauza samaki. Mtu asiyejua aulize watu wa maji. Au atumie matone tu, hatakosea."

Mkewe akauliza, "Na kule kuosha kwa sabuni je?"

Dada Mtambo alimtazama Bwana Pasi kwa huruma. "Sabuni ikibaki hata kidogo, ni sumu. Halafu kuna jambo jingine. Mavi ya samaki yana sumu, na chakula kikioza nacho kina sumu. Kwenye mawe na sifongo wanaishi bakteria wazuri, hatuwaoni kwa macho. Kazi yao ni kuila sumu hiyo. Ukiloweka mawe kwenye dawa ya nguo, unawaua wote. Tangi linang'aa, kumbe ndani ni sumu tupu."

Kisha akamgeukia mzee. "Babu, kule kwako ulitumia maji gani?"

"Ya kisima."

"Hayana klorini. Na tangi uliliosha vipi?"

Mzee alimtazama mkwe wake, akatazama sakafu. "Nilikuwa napunguza maji kidogo, naongeza kidogo. Sifongo naisuuza kwenye maji yaleyale niliyotoa. Mawe sikuyagusa."

Bwana Pasi aliduwaa. "Baba! Ulikuwa unajua? Mbona hukuniambia?"

"Habari ya klorini sikuijua, mkwe. Ila niliona kila ukiwaosha, wanakufa." Mzee akamwinulia macho. "Nyumba ni yako. Umenipa chumba, umenipa kitanda. Halafu nikufundishe na kuosha, wewe dobi? Niliona haya."

Bwana Pasi alisikia aibu na huzuni kwa pamoja, mpaka macho yakamlowa.

"Kumbe mimi nawaosha kwa heshima," alisema, "na wewe unanyamaza kwa heshima. Baba, heshima yetu imemaliza samaki."

Mzee akacheka, mara ya kwanza tangu ahamie. Halafu akamshika mkwe wake begani.

Alasiri Bi Mkubwa alishuka chini ya beseni. Kufikia Jumapili mapezi yalikuwa yamefunguka, naye akawa anamfuata mzee kila anaposogea. Dada Mtambo alipopita kumwona, alisema, "Huyu amepona. Mtoleeni sadaka."

Kazi ya tangi ikabadilika. Walilisuuza kwa maji matupu, mara nyingi, mpaka harufu ya dawa ikaisha. Wakalijaza maji yaliyolala. Siku hizi ndoo hukingwa mapema na kuachwa wazi uani. Kila wiki hutolewa robo tu ya maji, na yanayoingia lazima yawe na joto sawa na yaliyomo. Chakula ni kidogo, cha kumalizwa hapohapo. Mwanzoni, kabla bakteria hawajarudi, Dada Mtambo aliwaambia wabadilishe maji kidogo kidogo mara kwa mara. Samaki wapya waliletwa baadaye, wawili wawili, si kwa mkupuo. Hakuna aliyekufa.

Msimamizi wa yote hayo ni mzee. Bwana Pasi ni msaidizi tu, na ni msaidizi mwenye haraka.

Ijumaa moja duka lilikuwa limejaa wateja. Bwana Pasi alipita katikati yao akiwa na ndoo, akaenda tangini.

"Wewe!" mzee alisema kutoka kwenye kiti. "Maji hayo ya lini?"

"Ya... ya leo, baba. Nilidhani kidogo tu haya—"

"Kidogo nini! Yarudishe. Tena mikono ina sabuni hiyo, naona povu mpaka hapa! Nikwambie mara ngapi? Mtu mzima hasikii!"

Wateja wakatazama nguo zao. Mtu anagombezwa ndani ya duka lake mwenyewe! Bwana Pasi alitoka na ndoo yake. Lakini alipofika jikoni kwa mkewe, uso wote ulikuwa meno.

"Mke wangu, umesikia?"

"Nimesikia nini?"

"Baba amenigombeza! Mbele ya wateja!"

Mkewe aliacha alichokuwa akikifanya. Alicheka, kisha akafuta macho kwa kiganja cha mkono.

"Basi harudi tena kule," alisema.

"Arudi wapi?" akajibu Bwana Pasi. "Mtu anayegomba namna hii yuko kwake."