Shuka za Bi Kisirani

Naapa kwa meno yangu manne yaliyobaki: kisa hiki ni kweli tupu, hakijatiwa chumvi hata punje. Mimi ni fundi bomba mstaafu, na yote yalitokea katika ua ninaoishi.

Ilikuwa Jumamosi. Shule imefungwa, lakini kwa mtoto wa dobi Jumamosi ndiyo yenye masomo magumu. Mama Chiriku alikuwa ameinamia beseni tangu jua halijachomoza, vidole vimekunjamana kwa maji. Binti yake wa miaka kumi na miwili, aliyeitwa Chiriku kwa sababu mdomo wake haukujua likizo, alikuwa akisuuza. Siku hiyo hata mdomo ule ulikuwa umechoka.

"Mama, mgongo unaniuma."

"Wangu uliacha kuuma zamani, mwanangu. Umekata tamaa."

Ua wetu una bomba moja na madobi wawili. Wa pili tulimwita Bi Kisirani, na jina lilimkaa kama kofia. Ndiye aliyewaambia wateja kwamba Mama Chiriku hufua nguo zao pamoja na matambara ya kudekia. Wateja wengine walihama, na tangu hapo madobi hao walisalimiana kwa kukohoa tu.

Basi asubuhi hiyo Bi Kisirani akateleza kwenye povu, puu! Kifundo cha mkono kikavimba hadi nikadhani ameota goti la tatu. Na karai lake lilijaa shuka za nyumba ya wageni. Mwenye nyumba hiyo alikwisha kumwonya: zisipofika zimekauka kabla ya jioni, kazi anapewa Mama Chiriku. Sasa, shuka nzito haikamuliwi na mkono mmoja. Watu wawili hushika ncha, wakaelekeana na kuinyonga.

Chiriku akamsogelea mama yake, akanong'ona, "Mama, Mungu ametujibu."

"Amejibu nini?"

"Kazi inakuja kwetu. Tukae tu. Kwani tumemsukuma?"

Mama alimtazama mwenzake, ambaye sasa alikuwa akijaribu kukamua shuka kwa meno. Akayatazama mabeseni yake mwenyewe yaliyokuwa bado yamejaa. Akavuta pumzi ndefu, ile ya mtu anayetamani kulala hapo hapo alipo.

"Nenda kamshikie ncha ya pili. Nikimaliza hizi nakuja kuanika."

"Mama! Yule yule aliyetusema?"

"Yule yule. Hakuna mwingine aliyeteleza."

Chiriku akaenda akiburuta ndala kama anayepelekwa kuchomwa sindano.

"Umetumwa kunicheka?" Bi Kisirani akauliza.

"Nimetumwa kukamua."

"Basi kamua, usinitolee macho."

Wakashika. Bi Kisirani alizungusha kwa mkono wake mzima, na Chiriku, macho yakiwa yamemganda adui wake, akazungusha vile vile alivyoona mbele yake. Shuka ikazunguka yote, kama kamba ya kuruka. Maji hayakutoka hata tone.

"We mtoto! Ninakopeleka mimi, nawe unapeleka huko huko! Hivyo tutazunguka mpaka kesho. Mwangalie mama yako, ufanye kama yeye."

Chiriku akageuka. Mama yake alikuwa akikamua gauni, mkono wa kulia ukivingirisha kwa nguvu, kichwa kimeinama kwa uchovu. Chiriku akamwiga. Shuka ikajinyonga, maji yakamwagika mengi hata kuku wa ua wakaanza kuogelea, nami nikamwokoa jogoo kwa ndoo. Kisha nikainuka, nikakamua shuka nne peke yangu, zikakauka bila jua.

Mama Chiriku akaja kuanika, na kabla ya jioni shuka zilifika kwa mwenyewe. Kazi ikabaki kwa Bi Kisirani.

Jioni Bi Kisirani alikuja mlangoni kwa Mama Chiriku, uso ule ule wa ndimu. "Mama Chiriku, yale ya matambara nilitunga. Nitawaambia wateja, mmoja mmoja." Akaondoka kabla hajajibiwa.

Chiriku alikuwa amelaza kichwa juu ya furushi. "Mama, lakini kwa nini tumsaidie, na sisi tumechoka hivi?"

"Sikuwa na hamu hata mimi, mwanangu. Lakini Mungu alituhurumia kabla hatujastahili. Ukimfanyia mtu kama anavyokufanyia, mtazunguka pamoja na hakuna kitakachotoka. Usimwige anayekukosea. Mwige Baba yako wa mbinguni, kama unavyojifunza kufua kwa kunitazama mimi. Huruma ni kazi, nayo inachosha. Ila ndiyo kazi ya nyumbani kwetu."

Nilipofika hapa katika kuandika kisa hiki, nikampa Chiriku asome. Akasoma, akanikazia macho.

"Babu, jogoo gani? Na ulikamua lini? Siku nzima ulikaa kwenye kigoda ukitwambia tufanye haraka!"

Mama yake akasikia. "Kumbe fundi anaweza kukausha shuka bila jua? Njoo basi, babu, leo ziko nyingi."

Ninamalizia mistari hii kwa mikono iliyolowa. Bi Kisirani ameshika ncha ya pili na ananiita: "Babu, kalamu chini! Kamua!"