Karatasi ya Kukatia Gauni

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Chapuchapu alifagia chumba cha ushonaji cha shangazi yake. Jina hilo alipewa na dada yake, maana hakuna alilolifanya taratibu. Alifagia katikati tu, akasukuma vipande vya vitambaa chini ya meza, kisha akatundika karatasi za kukatia nguo kwenye msumari nyuma ya mlango. Kwa hizo karatasi hakuthubutu kufanya mchezo. Zilikuwa za kaki, zimekatwa kwa umbo la mikono na vifua vya magauni, na shangazi akiikuta moja sakafuni, utasemwa hadi jioni.

Asubuhi moja walikuta kioo cha dirisha kimevunjwa na cherehani mpya haipo. Mwizi alikuwa amejikata, na kitambaa cheupe kilichokuwa chini ya dirisha kilikuwa kimelowa damu. Shangazi alimpigia simu askari. Askari akasema gari lao limeharibika, atafika kesho. Kwa kuwa mvua ilikuwa imetanda na dirisha liko wazi, aliagiza kitambaa kisogezwe bila kushikwa kwa mikono mitupu, kianikwe ndani, kivulini, mpaka kikauke kabisa, ndipo kitiwe kwenye bahasha ya karatasi.

Shangazi alimwachia Chapuchapu kazi hiyo, akaenda kumtafuta seremala wa kuziba dirisha. Chapuchapu alikitazama kitambaa, kinyaa kikampanda. Tena alikuwa amechelewa shule. Alikisukuma kwa kijiti ndani ya mfuko wa nailoni, akafunga fundo, akautia mfuko kwenye bahasha, akaibandika. Bahasha akaiweka kwenye rafu ya juu, chini ya bati, mahali ambapo jua likitoka huwa na joto la tanuri. Karatasi moja ya kukatia ilikuwa imeanguka karibu na dirisha. Akaiokota, akaitundika kama kawaida.

Jioni shangazi aliuliza, “Kitambaa umekianika?”

“Ndiyo, shangazi. Kimekauka.”

Mvua yenyewe haikunyesha. Kesho yake jua liliwaka, na askari alikuja jioni kuchukua bahasha.

Taabu ikaanza. Dada yake Chapuchapu, aliyekuwa akijifunza ushonaji hapo, ndiye pekee aliyekuwa na ufunguo wa pili. Tena kidole gumba chake kilikuwa na bendeji. Alisema amekatwa na mkasi, lakini majirani walinong’ona kwamba kioo kilivunjwa kwa hila tu, ili watu wasimfikirie mwenye ufunguo. Shangazi hakumwambia neno baya. Alimwomba tu arudishe ufunguo. Dada aliuweka mezani, akaenda kukaa nje na sindano yake.

“Subirini majibu ya damu,” dada alisema kila alipoulizwa. “Damu itasema si yangu.”

Walisubiri mpaka wakachoka. Chapuchapu akitoka shule anauliza, anajibiwa bado. Wateja walipungua. Nyumbani dada alinuna, akila hamalizi, na Chapuchapu akimtania, hacheki.

Hatimaye askari alirudi, akiwa na mtaalamu wa maabara, mama mrefu mwenye miwani. Mama huyo alieleza kwamba ndani ya damu mna vinasaba, alama ambazo kila mtu ana zake, isipokuwa mapacha wa kufanana. Lakini damu ya kile kitambaa ilikuwa haisomeki. Ilikuwa imeoza.

“Tuliikuta ndani ya nailoni, imeota ukungu,” alisema. “Damu mbichi ukiifungia hivyo kwenye joto, vijidudu hustawi na kuvila vinasaba. Nani aliifunga?”

Askari alimgeukia dada. Akasema polepole kwamba huenda aliyefunga hakutaka damu hiyo isomwe.

Shangazi naye akamtazama dada. Machozi yalimlengalenga dada kwa hasira ya mtu aliyechoka kujieleza.

Chapuchapu aliitazama rafu ya juu. Akinyamaza, hakuna atakayejua. Lakini dada yake angebeba hilo pia, juu ya yale aliyokwisha kubebeshwa.

“Ni mimi,” alisema. “Sikukianika. Niliona kinyaa, na nilikuwa na haraka. Nikamdanganya shangazi.”

Shangazi alikaa kitini. Dada akasema, “Wiki zote hizi unaniangalia tu?”

Mtaalamu hakumkaripia. Alivuta kigoda, akamwomba aeleze asubuhi ile yote, hatua kwa hatua, bila kuficha. Kisha akauliza, “Hapakuwa na kitu kingine karibu na dirisha?”

“Karatasi ya kukatia. Nilii… niliitundika.”

Askari alivaa glavu, akafunua karatasi moja moja pale nyuma ya mlango. Kwenye umbo la mkono wa gauni palikuwa na matone matatu meusi. Kila aliyeyaona alikuwa amedhani ni madoa ya mafuta ya cherehani. Yalikuwa yamekaukia hapo, penye hewa na kivuli, jua haliyafikii. Mtaalamu aliitia karatasi kwenye bahasha, akatabasamu kwa mara ya kwanza.

Safari hii majibu yalikuja. Ilikuwa damu, tena ya mwanamume.

Shangazi alimrudishia dada ufunguo mbele ya majirani, akamwomba radhi kwa sauti ya kusikika. Dada akaupokea. “Kumbe wa kunitetea ni mkono wa gauni,” alisema, nao wakacheka, japo yeye hakucheka sana.

Kisha shangazi akamwita Chapuchapu. “Haraka yako iliozesha kitambaa,” alisema. “Lakini uongo wako ndio uliomuumiza dada yako. Ungeniambia jioni ile ile, tungekianika. Ukiagizwa jambo, lifanye lilivyoagizwa. Ukikosea, sema mapema, kosa likiwa bado linatengenezeka.”

Asubuhi iliyofuata Chapuchapu aliisogeza meza, akafagia mpaka chini yake. Dada alisimama mlangoni akimtazama. Kisha akachukua dekio, akaanza upande wa pili.