Tangazo Lisilo na Jina

Kila Jumamosi, baada ya kuteka maji, Kinsi alikwenda kwenye ofisi ya kutafuta jamaa waliopotea, pale kambini Dadaab. Mjomba wake Warfa ndiye aliyetunza kompyuta, na alikuwa amemfundisha kuiandikia amri fupi. Kinsi alikuwa na miaka kumi na minne. Mwaka huo, 1997, ulikuwa wa tano tangu kaka yake Hamze apotee njiani wakikimbia vita. Alitamani mno kumwona tena, hata chakula hakikumshuka vizuri.

Siku hiyo majina ya waliotafutwa yalikuwa arobaini, la Hamze likiwa la mwisho. Kinsi aliandika amri ya kuchukua jina moja moja kwenye orodha, kuliweka ndani ya $jina, kisha kulitia kwenye tangazo mahali palipoandikwa JINA:

sed 's/JINA/$jina/' tangazo

Gari la kupeleka matangazo katika miji ya Tarbaj na Bute lingeondoka saa sita, na safari nyingine ni baada ya mwezi mzima. Kinsi akachapa yote mbio mbio bila kusoma hata moja. Printa iliponyamaza, akachukua karatasi ya juu.

"Tunamtafuta $jina."

Zote arobaini zilikuwa hivyo hivyo. Nje, dereva akapiga honi.

Kinsi akashika kalamu, akaandika kwenye karatasi moja: Hamze Bishar Alio. Hiyo moja tu ingemtosha! Kisha akamwona Bi Jawahir mlangoni, akingoja habari za binti yake kama alivyongoja kila Jumamosi. Kinsi akaona haya, akaweka kalamu chini.

"Abti, nimeharibu yote," alimwambia mjomba wake, machozi yakimlengalenga.

Warfa akaitazama amri. "Wallahi, umeifunga kwa alama za kunukuu za mkato mmoja. Hapo kompyuta inaandika herufi kama zilivyo tu. Funga kwa alama za mikato miwili, ndipo itatoa jina lililomo."

Akambembeleza dereva angoje. Kinsi akarekebisha:

sed "s/JINA/$jina/" tangazo

Safari hii alichapa moja, akaisoma kwa sauti, ndipo akachapa zilizobaki.

"Hata mimi namlilia Hamze," Warfa alisema. "Lakini kila jina hapa lina mtu anayelililia. Jaribu moja kwanza, usome. Na ukikosea, sema mapema, kama ulivyosema leo."

Kinsi akampa dereva matangazo. La Hamze lilikuwa chini kabisa, na juu yake mengine thelathini na tisa.