Sauti Ndani ya Hosipaipu

Walikutana Kirinyaga Road, kwenye duka la vipuri lililofurika wateja, Kisilu akiwa ndani ya ovaroli ya buluu na tabasamu la mtu asiyejua kunyamaza. Alitaka hosipaipu ya kushushia lami ya moto kutoka melini, Mombasa. Wangeci, aliyepima hosipaipu hizo kwa maji uani kuona kama zinavuja, ndiye aliyemhudumia. Kabla ya mwezi kwisha, moyo wake wote ulikuwa kwa kijana huyo.

Kisha siku moja wakiongea kwa simu, Wangeci alisikia mwanamke akicheka nyuma ya Kisilu. Wivu ukampanda. Kisilu alipokuja kuchukua hosipaipu mpya, Wangeci hata usoni hakumtazama.

"Mrembo, si nilikuuliza kitu? Tutaoana ama?"

"Uliza yule wako wa Mombasa."

"Wavinya? Huyo ni dadangu, aki!"

"Enda, Kisilu. Lori itakuacha."

Kwa hasira Wangeci akaziba ncha za hosipaipu aliyotoka kuipima, bila kuikausha kwa hewa. Hakulikumbuka hilo mpaka kesho yake mchana, akimpikia mamake kwao Waithaka, tone la maji lilipoangukia mafuta ya moto yakamrukia mkononi. Wangeci alipiga yowe, si kwa maumivu. Lami ya moto ikikuta maji ndani ya hosipaipu hulipuka, na atakayefungua valvu ni Kisilu.

Akapiga simu. Mteja hapatikani. Akapiga tena na tena, akizunguka uani, analia, midomo ikijisemea yenyewe: usifungue, ina maji, usifungue, nitaolewa na wewe. Mara hata yule wa "mteja hapatikani" akanyamaza. Ukabaki mvumo, kama kitu kizito kinachojivuta ndani ya mpira.

Simu ikakatika. Baadaye ikaita, namba ngeni.

"Wangeci! Umeniokoa, mpenzi. Tumemwaga maji, karibu ndoo nzima!"

"Nani alikwambia? Simu yako haishiki."

"Iliisha chaji asubuhi. Hii ni ya msimamizi." Kisilu akashusha sauti. "Ulikuwa ndani ya hosipaipu, Wangeci. Nimeishika hivi, nikakusikia. Hata msimamizi alikusikia."

Wangeci akaibana simu sikioni.

"Na ile ingine ulisema, ya kuolewa. Ulimaanisha?"

Kule nyuma ya Kisilu, ndani ya hosipaipu, Wangeci akasikia sauti yake mwenyewe ikianza kujibu. Akaiwahi.

"Ndiyo!" akapaza sauti. "Nitaolewa na wewe. Ni mimi nasema, Kisilu. Mimi!"