Ndoto Iliyochapishwa Kabla ya Kufumwa

Ndugu zangu wa kandokando ya Ziwa Sebu, nanyi mnaosoma kutoka mbali, nawaomba mnisikilize kwa moyo uliotulia. Hadithi hii si ya kuchekana. Nyumba iliyopatwa na haya ingeweza kuwa nyumba yoyote yenye simu mezani na mzee chumbani.

Asubuhi moja ukungu ulikuwa bado umelala juu ya ziwa, kama mtoto asiyetaka kuamshwa. Mayungiyungi yalianza kufumbua macho moja moja. Ndani ya nyumba ya mianzi, Bibi Sudang alikuwa ameketi sakafuni, mkanda wa kitanda cha mfumi, yaani mtambo wa kufumia nguo, ukiwa umemzunguka kiunoni, akizivuta nyuzi za mgomba taratibu. Alifuma alfajiri na jioni tu, kwa kuwa jua likishapanda nyuzi hukauka na kukatika. Mlio wa ubao wake wa kubania nyuzi ndio uliomwamsha binti yake Marivel tangu utotoni. Marivel alipousikia kabla hajafumbua macho, aliona kana kwamba nyumba nzima inapumua.

Sudang hakuwahi kuchora hata mstari mmoja. Michoro yake ilimjia usingizini, kama ilivyomjia mama yake. Akishaota, aliamka, akala wali wake kimya, kisha akaanza kufunga nyuzi fundo baada ya fundo, ili rangi iingie pale tu ndoto ilipotaka iingie. Na nyumbani mwao palikuwa na mwiko mmoja: ndoto haisimuliwi nje kabla nguo haijaisha na kukatwa kitandani.

"Ndoto ni mgeni," alizoea kusema. "Ukimpigia kelele angali njiani, hafiki."

Marivel alikuwa mtu mzima, mke wa Edwin mfuga samaki, mama wa binti mmoja aitwaye Analyn. Shule aliiacha mapema. Kwa hiyo kanisa lilipotangaza masomo ya jioni ya kompyuta, alijiandikisha, akaomba njia nzima Mungu amfungue akili.

Mwalimu wao, dada mmoja mpole aitwaye Gilda, aliwafundisha jinsi ya kuanzisha blogu.

"Msiogope jina," aliwaambia. "Blogu ni baraza la nyumba yako, ila limejengwa mtandaoni. Kabla hujatandika mkeka, jiulize unamkaribisha nani. Mwandikie mtu mmoja unayemjua. Wengine watakuja wenyewe."

"Mimi nitaandika habari za mke wangu," akasema mzee Pidoy, muuza samaki.

"Mwenyewe anajua?"

"Akijua si ataniwahi kuandika habari zangu, Mwalimu!"

Darasa likaangua kicheko. Gilda naye alicheka, lakini aliinamisha kichwa kidogo, kama mtu aliyekumbuka jambo. "Hilo tutalizungumza somo la mwisho," akasema.

Jioni baada ya jioni aliwaongoza. Chagua jambo unaloweza kulisema mwaka mzima bila kuazima maneno ya jirani. Lipe baraza lako jina fupi, ambalo mtu atalikumbuka akiwa anakoroga mchuzi. Anza na mahali pa bure, usilipie shamba kabla hujajua kama utalima. Nenosiri ni ufunguo, halibandikwi mlangoni. Andika, kisha jisomee kwa sauti. Pale ulimi unapojikwaa, msomaji naye atajikwaa. Piga picha karibu na dirisha, mwanga wa Mungu hauna bei. Chagua siku yako katika wiki, uitunze kama siku ya ibada.

Marivel aliyashika yote. Blogu yake aliiita Nyuzi za Mama. Makala ya kwanza ilihusu harufu ya majani yanayochemshwa ili kutoa rangi nyeusi, jinsi inavyoingia kwenye nywele na kukaa humo mpaka Jumapili. Alimsomea mama yake kwanza. Sudang akasikiliza, akasema, "Hiyo ni kweli. Waambie." Ndipo Marivel akaomba, akabonyeza kitufe cha kuchapisha.

Siku iliyofuata akakuta maoni ya mama mmoja wa huku huku ziwani, aliyekuwa mtumishi wa nyumbani nchi ya mbali. Aliandika: "Dada, nimesimama jikoni kwa watu nikanusa nyumbani kwetu. Mungu akubariki."

Marivel alilia hadi Edwin akadhani kuna msiba.

Ndugu msomaji, mpaka hapa hapakuwa na kosa. Mkono uliokuwa umelala ulipata kazi, na moyo mmoja uliokuwa ugenini ulifarijiwa. Laiti tungejua kusimama pale pale baraka zinapotukuta!

Tatizo lilianza na ile namba ndogo inayoonyesha wasomaji ni wangapi. Marivel alianza kuitazama baada ya sala ya asubuhi. Baadaye akawa anaitazama kabla ya sala. Mwisho ikawa ndiyo sala yenyewe. Alikuwa anapita nyumbani kama mtu anayetembea ndotoni, macho wazi, masikio yamefungwa. Analyn alikwenda shule na sare yenye unyevu. Wali uliungua, na kesho yake ukaungua tena.

"Mke wangu," alisema Edwin akikwangua sufuria, "wasomaji wako wakija, wape huu ukoko. Sisi tumeshashiba moshi."

"Wewe huna jema, kazi yako kukejeli."

"Sikejeli. Nauliza tu, hao watu wanatujua kuliko tunavyojuana sisi?"

Marivel akairudia simu yake. Jioni ya somo la mwisho ilipofika, Gilda alipita kuwaambia wasikose, maana ndilo somo zito kuliko yote. Marivel akabaki nyumbani. Alijiambia blogu anayo tayari, na wasomaji anao. Wakati wenzake wanafundishwa, yeye alikuwa anajibu maoni.

Na maoni yalikuwa yanauliza jambo moja: mama yako anafuma nini sasa?

Ukweli ni kwamba Sudang alikuwa na ndoto mpya. Tangu mumewe afariki hakuwa ameota tena, na kwa muda mrefu kitanda cha mfumi kilibeba michoro ya zamani tu. Halafu asubuhi moja akaamka uso umemng'aa, akaomba nyuzi. Alizifunga, akazichemsha kwa majani meusi na mizizi myekundu, akazitandaza kitandani. Macho yake yalikuwa yanafifia, na alisema wazi kwamba hii ndiyo nguo atakayomfundishia Analyn kufuma.

"Mama, niambie kidogo tu umeota nini," Marivel akambembeleza.

"Kidogo cha ndoto ni ndoto."

"Watu wanangoja."

"Wangoje. Mimi nimeingoja tangu baba yako aondoke, na sikufa."

"Dunia ya sasa haingoji, Mama."

"Basi itangulie," Sudang akasema. "Macho yangu hayatangoja nyingine, mwanangu. Niachie hii."

Jioni moja Sudang alikuwa ameketi na mjukuu wake nyuma ya pazia, akimnong'oneza, maana anayefundishwa kufuma nguo hana budi kujua inakokwenda. Mwezi, akasema, ulitaka kuvuka ziwa ukakosa mtumbwi. Vyura wakajitokeza, wakapangana mgongo kwa mgongo kutoka ukingo hadi ukingo, nao mwezi ukapita juu yao ukiwa umevua viatu, ili usiwaumize.

Marivel alisimama upande wa pili wa pazia, akayasikia yote.

Kesho yake mchana, mama yake alipolala, alisogeza kitanda cha mfumi karibu na dirisha. Mwezi na vyura vilionekana waziwazi kwenye nyuzi zilizotandazwa. Alipiga picha, akaandika ndoto neno kwa neno, akachapisha. Safari hii hakumsomea mtu kwanza. Namba ikapanda kama maji ya masika. Marivel akapiga magoti kumshukuru Mungu kwa kitu ambacho hakuwa amemwomba.

Msimu wa mvua ulipita. Macho ya Sudang yalizidi kuwa mazito na ufumaji ukaenda polepole. Siku moja Marivel akampeleka mjini kwa daktari wa macho. Walipotoka, Sudang alitaka kumnunulia Analyn kitana, wakaingia duka moja kando ya soko.

Mlangoni Sudang akasimama ghafla.

"Pita, bibi, pita tu," muuzaji akasema kwa uchangamfu.

Sudang hakupita. Aliinama, akasogeza uso karibu na sakafu. "Marivel, nimekanyaga nini?"

Chini ya kandambili zake palikuwa na zulia la kufutia miguu. Lilikuwa limechapwa picha ya mwezi, na chini ya mwezi, vyura mgongo kwa mgongo. Mengine ya aina hiyo yalirundikwa pembeni hadi usawa wa kifua.

"Mchoro mpya huo," muuzaji akaeleza. "Unatoka mtandaoni, tena una hadithi yake. Watu wanaupenda sana. Futia miguu hapo, bibi, ndiyo kazi yake."

Huku kwetu nguo ya ndoto haikanyagwi. Hata kuiruka ni aibu. Mtoto akitaka kupita huzunguka. Sudang alivua kandambili moja, akavua ya pili, akarudi nyuma akiwa pekupeku mpaka akawa nje juani. Hapo ndipo alipomgeukia binti yake.

"Ndoto yangu nani aliitoa nyumbani?"

Marivel alitafuta uongo, asiupate. "Niliitoa mimi, Mama."

Sudang hakumgombeza. Afadhali angemgombeza! Alirudi nyumbani, akaufungua mkanda kwenye kitanda cha mfumi, akakunja nguo iliyofumwa nusu na nyuzi zake, akaipandisha juu ya dari. "Mgeni ameshaondoka," akamwambia Analyn. Na kuanzia kesho yake, alfajiri ilipofika, hapakuwa na mlio wa ubao. Marivel alilala akiwa macho, akisikiliza nyumba isiyopumua.

Alimwendea Gilda kanisani. "Mwalimu, somo la mwisho lilikuwa lipi?"

"Lilikuwa swali moja tu," Gilda akasema. "Kabla hujabonyeza, jiulize: hili ni langu kulisema? Kama ni la mwingine, kamwombe. Akikataa, mshukuru, utafute lako."

"Nikifuta sasa itasaidia?"

"Futa. Lakini futa kwa ajili ya mama yako, usidhani mazulia yatarudi kuwa ndoto. Maji yakimwagika hayazoleki."

Marivel akafuta. Mbele ya Edwin na Analyn alimpigia mama yake magoti, akamwomba msamaha. Sudang akamwekea mkono kichwani, lakini kitanda cha mfumi hakukirudia. Basi Marivel akaanza kuitia simu ndani ya debe la mchele kila alfajiri na kila jioni, saa za kufuma, akaenda kuketi karibu naye. Mwanzoni walikaa tu. Baadaye akaomba afundishwe kufunga nyuzi.

"Fundo gani hilo?" Sudang aliuliza akilipapasa. "Hata mbuzi hafungwi hivyo. Fungua."

Akafungua, akafunga tena. Wali ukaacha kuungua. Edwin akasema, "Naona tumeanza kula chakula, si habari." Siku yake ya wiki ilipofika Marivel aliandika kuhusu ukoko wa wali na kejeli za mumewe, baada ya kumwomba ruhusa. Wasomaji waliobaki walikuwa wachache. Yule mama wa ugenini alikuwa mmoja wao.

Nayo asubuhi ikaja, ukungu ukiwa mzito kiasi kwamba ziwa lilionekana kama limehama. Sudang aliketi juu ya mkeka wake, uso umemng'aa.

"Mwanangu," akasema, "nimeota."

Marivel aliacha alichokuwa anakifanya. Zamani mkono wake ungeirukia simu. Sasa ulitulia juu ya paja, na moyoni akaomba nguvu.

"Usiniambie, Mama," akasema. "Tufume kwanza."

Sudang alimtazama kwa macho ambayo sasa yaliona mwanga na vivuli tu. Kisha akanyoosha mikono, akaishika mikono ya binti yake, akaiweka juu ya nyuzi. "Basi fumba macho," akasema. "Nitakuongoza. Funga hapa. Na hapa. Ruka hapa."

Mpaka ninapoandika haya, nguo hiyo iko kitandani, na mlio wa ubao umerudi alfajiri. Ukimwuliza Marivel mchoro wake ni nini, anacheka na kukwambia hajui vizuri, yeye ni mikono tu. Blogu yake inaendelea. Kuhusu nguo hiyo hajaandika hata neno.

MAFUNZO

Ndugu yangu, usiogope kuanzisha blogu. Mungu hakukupa maneno uyafukie. Anza na kidogo, mahali pa bure, kwa jambo unalolijua kwa mikono yako, umwandikie mtu mmoja kwa ukweli na kwa siku uliyoichagua. Lakini baraza lako la mtandaoni lisiifanye nyumba yako ya mianzi kuwa gofu. Usihesabu wasomaji huku walio mezani kwako wanakula ukoko. Na jambo la mwingine, hata akiwa mama aliyekuzaa, si lako mpaka akupe. Tamaa ya kusifiwa na wasiotujua hutufanya tuwakanyage wanaotujua, nasi tusisikie kitu chini ya miguu yetu. Kabla hujabonyeza, omba. Na kabla ya kuomba, kamwulize mwenye ndoto.