Maua ya Shangazi Mwanaidi

Siwema aliishi na Bibi, na Shangazi Mwanaidi na mumewe. Shangazi alipenda maua. Alipenda kupita kiasi.

Siku moja alinunua kitambaa, jora zima! Kilikuwa na maua mekundu, makubwa kama sinia.

Akakaa kwenye cherehani. Tarara! Tarara! Akashona pazia, akashona kitambaa cha meza, akashona makava ya kochi, akajishonea na gauni. Redio nayo akaivisha. Kuku angevishwa pia, ila alikimbia.

Maua hapa, maua pale,
maua mpaka kule!

"Majirani watakoma!" Shangazi akajisifu.

Macho ya Bibi hayakuona vizuri. Ulimi wake ulikuwa mzima.

"Kizuri chajiuza, Mwanaidi," akasema. "Wewe mbona unakitembeza?"

Kikabaki kipande. Tarara! Siwema akapata gauni na mtandio.

"Shangazi, nitaonekana kweli?"

"Utang'aa kuliko wote! Leo tuna wageni. Kaa kwenye kochi, utulie."

Siwema akakaa. Mtandio ukamfunika mpaka puani. Gauni la maua, kochi la maua. Siwema akapotea.

Maua hapa, maua pale,
maua mpaka kule!

Wageni wakaja. Shangazi akagawa kaimati za moto. Huyu tatu, yule tatu. Sahani ikampita Siwema.

"Shangazi, nipo hapa."

"Mbu hao," Shangazi akawaambia wageni. "Haya, mmeliona pazia langu?"

Sahani ikapita tena. Zimebaki kaimati mbili tu! Siwema akaanza kulia.

"Shangazi, nipo hapa!"

"Mbu wa siku hizi wana sauti," Shangazi akasema.

Mama Chausiku, jirani mnene, akachoka kusimama. Akakaa. Pwaa!

"Aaaa!"

"Kochi linalia!" Mama Chausiku akaruka juu.

"Siwema! Siwema yuko wapi?" Sasa Shangazi akaogopa. Akakodoa macho. Aliona maua tu.

"Nyie wenye macho, kaeni pembeni," Bibi akasema.

Akapapasa taratibu. "Hili pazia, jepesi. Hii meza, ngumu. Huu mto, unabonyea. Na hiki... kina joto. Kina pua. Kina machozi. Huyu ni mjukuu wangu!"

Bibi akamkumbatia. Akampa kaimati zote mbili.

"Nisamehe, mwanangu," Shangazi akasema. Aliona haya sana.

Siwema akavua maua. Akavaa gauni lake la zamani, la njano tupu. Kila mtu akamwona.

Usiku, Siwema akalala na Bibi kwenye shuka jeupe.

Sebuleni, Shangazi akajinyoosha kwenye kochi, na gauni lake la maua.

Mume wake, Mjomba Hemedi, akarudi kutoka kazini. Alikuwa amechoka. Akakaa. Pwaa!

"Aaaa!"

"Bibi, nini hicho?"

"Mbu huyo," Bibi akasema. "Lala, Siwema."

Siwema akacheka, akafumba macho.