Jumapili za Scola Nje ya Kanisa

Mtoto akuleavyo ndivyo ukuavyo. Wahenga walisema kinyume, na wahenga hatuwabishii hovyo. Lakini wahenga hawakuwahi kuishi nyumba moja na Mathayo wa kijiji cha Issuna. Mathayo alikuwa na miezi tisa na meno mawili, na nyumba nzima ilikuwa ikilelewa naye. Akiamka, watu waliamka. Akilala, baba yake, Edward, alinyata uani kama mwizi katika mji wake mwenyewe. Bibi Jenifa, ambaye kwa miaka mingi cheko lake lilikuwa la nadra kama mvua ya Agosti, sasa alibweka kama mbwa ili mjukuu afurahi.

Dada yake Mathayo aliitwa Scola. Alikuwa na umri wa miaka kumi na mitatu, na karibu miaka yote hiyo alikuwa mtoto wa pekee. Mama yao, Kristina, aliomba mtoto mwingine mpaka majirani wakaacha kumuuliza. Mwishowe aliweka nadhiri kwamba akijaliwa, hatakosa kuimba kwaya hata Jumapili moja. Akajaliwa. Basi mama aliimba, Bibi alikuwa na mgongo mbovu, baba alishika zamu ya kuchunga ng'ombe, na Mathayo akabaki mgongoni kwa Scola.

Kila Jumapili ilikuwa hivyo. Scola alichota maji, akakoroga uji wa uwele, akamwogesha Mathayo na kumfunga kwa mbeleko. Kanisani mtoto alitulia wakati wa nyimbo. Mahubiri yalipoanza tu, naye alianza ya kwake. Hakulia, aliongea. Alipaza sauti, "Aaaa-ba!" kama mtu anayemwita jirani ng'ambo ya shamba la alizeti.

Hapo Mzee Bonifasi, mzee wa kanisa aliyekaa karibu na mlango, aliinua kidole na kukielekeza nje. Kidole hicho hakikuwa na rufaa. Mtoto akipiga kelele, mlezi wake alitoka, na ndio ulikuwa utaratibu.

Scola alikwenda kukaa upande wa pili wa jiwe kubwa lililokuwa nyuma ya kanisa, mahali palipokuwa na kivuli na upepo haukupuliza vumbi. Maneno ya mhubiri hayakufika huko. Lakini huko ndiko maswali yalikomjia. Kwa nini Mathayo alicheka usingizini, na nani alikuwa akimchekesha? Kwa nini aliokota kijiwe na kukitazama kwa muda mrefu kuliko mtu mzima anavyotazama ng'ombe wa kununua? Alijua nini ambacho Scola alikuwa amekwisha kukisahau?

Maswali hayo yalikuwa matamu, ila hayakujaza daftari.

Daftari ndilo lililokuwa donda. Scola alikuwa darasa la kipaimara, na kila mwanafunzi alitakiwa kuandika mahubiri ya kila Jumapili. Mwinjilisti Chrispin alisoma na kutia sahihi. Asiyefikisha mahubiri thelathini alisubiri mwaka mwingine, hata kama gauni lake jeupe lilikuwa limekwisha kushonwa. Gauni la Scola lilikuwa tayari kwa fundi. Baba yake aliuza beberu kwa ajili ya sherehe. Zilibaki Jumapili nne tu.

Kwa hiyo Scola alinakili kwa Gasto. Gasto alikuwa mwana wa mwalimu Mgogo aliyehamishwa kutoka Kilimatinde, mvulana mwenye mwandiko mzuri na mdomo usiolala.

"Tena?" Gasto alimwambia Jumapili moja, ibada ilipokwisha. "Dada yangu, siku ya hukumu nayo utaingia na daftari langu?"

"Acha utani. Mhubiri mgeni kasemaje leo?"

"Kasema vizuri mno."

"Nakuuliza kasemaje, Gasto!"

"Soma tu. Kila kitu kimo. Na fanya haraka, madaftari yanakusanywa."

Kweli, Mwinjilisti alikuwa akikusanya madaftari, huku nje mnada wa sadaka ukiendelea. Jogoo mwekundu aliyetolewa na mjane mmoja alikuwa akinadiwa kwa kelele na vicheko. Scola alipiga magoti kando ya jiwe, Mathayo akimvuta nywele, akanakili ukurasa mzima: mchungaji mwema alipoteza kondoo, akamtafuta, akainama, akamwinua na kumweka begani. Alimaliza wakati ule ule jogoo alipopata mnunuzi. Lilikuwa hubiri lake la tano la kunakili tangu Mathayo aanze kupaza sauti kanisani.

Walipokuwa wakila mchana, Bibi Jenifa alitafuna taratibu huku akitikisa kichwa kwa furaha.

"Leo nimeshiba kabla ya kula," alisema. "Yule mzee mgeni kahubiri Kinyaturu kitupu! Tangu mwanzo mpaka amina. Miaka mingapi sijasikia Neno kwa lugha iliyoninyonyesha?"

Scola alirudisha tonge sahanini.

"Kinyaturu, Bibi? Chote?"

"Chote. Kwani wewe ulikuwa... Aa, ulikuwa nje na huyu." Bibi alimfinya Mathayo shavu. "Basi nitakusimulia. Kina mama walimletea Yesu watoto wao. Wanafunzi wake wakawafukuza, wakaona wanamsumbua mkubwa. Yesu akakasirika. Yule mzee aliinama hivi, akainuka hivi, akatuonyesha jinsi Bwana alivyowabeba wale watoto mikononi. Nikalia, mjukuu wangu."

Kichwani mwake Scola alimwona yule mzee akiinama na kuinuka, na hapo akaelewa kila kitu. Gasto hakujua Kinyaturu hata neno moja. Aliona mzee ameinama na kubeba, akabuni kondoo. Naye Scola, Mnyaturu aliyesimuliwa hadithi kwa Kinyaturu tangu akitambaa, alikuwa ameandika kondoo vilevile, na daftari lilikuwa mikononi mwa Mwinjilisti.

Juma hilo lilikuwa refu kama barabara ya kwenda Manyoni. Scola alipanga uongo wa namna tatu. Kila alipomaliza kuupanga, Mathayo alimtazama kwa macho yale yasiyojua hila, na uongo ukasambaratika.

Jumamosi darasa lilikaa. Mwinjilisti Chrispin alikuwa mtu mpole, na upole wake ndio uliotisha.

"Bwana asifiwe."

"Amina!"

"Gasto, simama. Umetuandikia kondoo."

"Ndiyo, Mwinjilisti."

"Ulielewa Kinyaturu?"

Gasto alijikuna kisogo. "Nilielewa mikono, Mwinjilisti."

Darasa zima liliangua kicheko. Hata Mwinjilisti alitabasamu. "Mgeni anayekisia nitamsahihisha. Utakuja kwangu nikueleze hubiri, uliandike upya. Sasa, Scola. Wewe si mgeni. Kondoo wako alitoka wapi?"

Kicheko kilikatika. Gasto alimnong'oneza, "Sema ulisinzia." Ulikuwa uongo mzuri. Kila mtu husinzia kanisani. Scola aliufungua mdomo autoe, lakini kilichotoka kilikuwa kingine.

"Alitoka kwa Gasto, Mwinjilisti. Nilinakili. Na si huyo tu. Ni mahubiri matano. Naomba unisamehe."

Mwinjilisti alichukua kalamu nyekundu. Alifungua kurasa tano, moja baada ya nyingine, na kuzipiga mstari. Scola aliliona gauni lake jeupe likining'inia kwa fundi mwaka mzima.

"Nimekusamehe," alisema Mwinjilisti. "Lakini kusamehewa hakufanyi ukurasa wa wizi uwe wako. Sasa niambie, hizo Jumapili tano ulikuwa wapi?"

"Nyuma ya jiwe, na mdogo wangu. Mzee Bonifasi alitutoa."

Mwinjilisti aliweka kalamu chini. "Ukifanya nini huko?"

"Nilikuwa namtazama."

"Basi andika ulichokitazama. Kurasa tano, za kwako mwenyewe. Kuzipokea au kutozipokea nitaamua nikisoma."

Jioni ile Scola aliketi uani na daftari. Mwanzoni hakujua pa kushika. Kisha Mathayo alitambaa mpaka kwenye kivuli chake mwenyewe, akakigusa, akacheka, na kalamu ikaanza kwenda. Bibi Jenifa, ambaye hakujua kusoma, alimwamuru asome kwa sauti.

"'Leo Mathayo amekiona kivuli chake,'" Scola alisoma. "'Hakukiogopa. Amekisalimia. Je, Yesu alipokuwa na miezi tisa, naye aliota meno, akatoa udenda na kula mchanga? Kama alikula, basi Maria alimtoa mchanga mdomoni kwa kidole, kama ninavyofanya mimi. Zamani nilidhani Mungu anakaa mbali. Lakini kama aliwahi kuwa mtoto mchanga, basi aliwahi kubebwa na mtu mwenye mgongo unaouma.'"

Bibi aliacha kupepeta mtama. "Endelea."

"'Mathayo anacheka na kila anayeinama kumtazama. Mama muuza karanga, ambaye ni Mwislamu, alipopita alimchekea kama anavyomchekea mama yetu. Nikimpa kiazi, hula kidogo, kisha hunilisha mimi kilichobaki, kimelowa mate. Hajafundishwa kutoa sadaka. Nani kamwambia? Kabla hajazaliwa nilidhani ataninyang'anya mama. Sasa nikitoka shule nakimbia, ili nimkute hajalala.'"

Bibi Jenifa alifuta macho kwa ncha ya kanga.

"Na huyu ndiye anayeonyeshwa mlango," alisema polepole. "Na mimi nimekaa ndani nikisema amina."

Hakuongeza neno. Lakini Jumapili ilipofika alimfungua Mathayo mgongoni kwa Scola, akampakata mwenyewe na kwenda kukaa naye benchi la mbele, licha ya mgongo wake mbovu. Alimwita Scola akae kando yake na daftari wazi.

Nyimbo zilikwisha. Mwinjilisti Chrispin alianza kuhubiri.

"Aaaa-ba!" alisema Mathayo.

Kidole cha Mzee Bonifasi kiliinuka. Bibi Jenifa hakugeuka. Kidole kilitikisika. Bibi alisukuma tu miwani yake juu ya pua. Ndipo Mzee Bonifasi aliposimama na kuja mbele mwenyewe, viatu vikilia juu ya saruji. Mathayo, aliyependa vitu vinavyolia, aliteleza magotini kwa Bibi kabla Scola hajamdaka. Alitambaa mpaka kwenye viatu vile, akashika suruali ya mzee, akajivuta. Kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, alisimama. Akiwa ameng'ang'ania suruali, alimnyooshea Mzee Bonifasi kipande cha kiazi kilicholowa mate.

Mtu mmoja alicheka, kisha kanisa zima. Kwenye kwaya mama Kristina alicheka huku machozi yakimtiririka. Mwinjilisti alifunika uso kwa mikono, na mabega yake yalikuwa yakitikisika. Mzee Bonifasi alisimama na kidole chake hewani, hajui akipeleke wapi. Mwishowe akakishusha, maana mtoto angeanguka. Alimshika Mathayo mkono, akamrudisha kwa bibi yake, na kiazi hakukipokea.

Baada ya ibada wazee wa kanisa waliketi na Mwinjilisti katika chumba kidogo cha ofisi. Bibi Jenifa aliitwa. Alikwenda na Mathayo mikononi, na Scola akamfuata.

Mwinjilisti alikuwa na daftari la Scola mezani, alilolichukua mara ibada ilipokwisha. Alilifungua kwenye kurasa zile tano mpya, akazitia zote sahihi mbele yao.

"Haya nimeyasoma mara mbili," alisema. "Kwa hubiri nitakalotoa Krismasi, nitamwomba Scola ruhusa niyatumie. Na sitanakili bila kusema nimeyatoa wapi." Alimtazama Scola, naye akaona haya na furaha kwa pamoja. "Wazee wangu, tulihubiriwa kwa Kinyaturu kwamba watoto wasifukuzwe. Tukalia, tukatoa sadaka, na mtoto alikuwa nyuma ya jiwe. Kuanzia sasa mlezi hatatolewa nje."

Wazee waliafiki. Mzee Bonifasi naye aliafiki, ila alikohoa.

"Nimekubali, Mwinjilisti. Lakini leo utaratibu mpya ulikuwa haujapitishwa. Bibi Jenifa aliuvunja wa zamani mbele ya waumini wote, na mimi nikachekwa. Angalau aombe radhi, iandikwe, yaishe."

Macho yote yalimgeukia Bibi Jenifa. Alimhamisha Mathayo bega, akanyoosha mgongo wake mbovu kadiri ulivyoweza kunyooka.

"Bonifasi," alisema, "nilipokuwa msichana kama Scola, mimi nilikubeba wewe mgongoni katika kanisa hili likiwa la nyasi. Ulilia kuliko huyu, na ulinikojolea. Hakuna aliyetutoa nje, ndiyo maana leo wewe ni mzee wa kanisa." Kisha alimshika Scola kichwani. "Mjukuu wangu, nawe sikia, maana utakuwa mkubwa na hutakuwa na mimi. Ulinakili kazi ya mwenzako ukaiita yako. Huo ni uongo, na uongo ni kosa. Uliusema mwenyewe, ukaomba radhi, ukafanya kazi upya kwa jasho lako. Ulifanya vema. Mtu akikosa na aombe radhi, awe mtoto, awe mwenye mvi. Lakini mtoto kufurahi katika nyumba ya Baba yake si kosa, na bibi kumpakata si kosa."

Mzee Bonifasi alishika kalamu juu ya kitabu cha kumbukumbu. "Kwa hiyo niandikeje, Bibi?"

"Andika kwamba siombi radhi," alisema Bibi Jenifa.

"Hata kidogo?"

"Siombi."